MGENI WA MIAKA KUMI

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila mwaka twaona wakubwa wa Serikali na wa mji huu wa Nairobi wakifunga mizigo kwenda ng'ambo kuuza mji. Huko huwaambia wenye fedha wa Ulaya, Asia na Marekani: Njoni kwetu, mji unakua. Tuna uwanja mkubwa wa ndege. Tuna reli ya kwenda bandarini. Tuna ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Tuna mabenki, na tangu mwaka 2022 tuna Kituo cha Fedha cha Kimataifa kilichowekwa kwa sheria ya 2017. Tuna Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, mgeni apite juu bila kuchelewa. Na jua letu si kali.

Haya yote ni kweli. Lakini katika orodha hiyo ya mali za mji, ndugu zangu, sisi pia tumo. Tumetajwa pamoja na barabara na hali ya hewa. Mgeni huambiwa kwamba hapa kuna wafanya kazi wengi, vijana, waliosoma, wanaosikia Kiingereza, na kwamba mishahara yao si mikubwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Barabara huuzwa kwa uzuri wake. Sisi twauzwa kwa unyonge wetu.

Isije ikasemwa kwamba Chama kinakataa wageni. Hatuwakatai. Mtoto wa mfanya kazi aliyemaliza shule na kukaa nyumbani miaka mitatu anataka kazi, na hataki kuulizwa mwenye kiwanda alizaliwa wapi. Katika viwanda vya EPZ peke yake makumi ya maelfu ya watu wamepata kazi, wengi wao akina mama. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twasema hivyo hivyo. Lakini wazee hao hao walisema neno la pili, na hili wakubwa wetu hawalisemi wakifika ng'ambo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

JEMBE LIKO WAPI?

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 humsamehe mwenye kiwanda kodi ya faida kwa miaka 10 ya kwanza. Miaka 10 inayofuata hutozwa 25 kwa mia. Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya mwaka 2015 imeweka 10 kwa mia kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa mia kwa miaka 10 mingine. Kampuni ya kawaida hapa nchini kodi yake ni 30 kwa mia.

Basi kampuni tatu zikipata faida ya shilingi milioni 100 kila moja, ile ya kawaida itatoa shilingi milioni 30. Ile ya eneo maalum, katika miaka yake ya mwanzo, itatoa milioni 10. Ile ya EPZ haitatoa hata senti tano. Na zote tatu hutumia maji yale yale, barabara zile zile, na polisi wale wale wanaoitwa tukigoma.

Sasa mtazame kibarua. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika Nairobi kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama shilingi 620 kwa siku. Katika fedha hizo hukatwa 2.75 kwa mia ya bima ya afya, yaani shilingi 443, na 1.5 kwa mia ya nyumba za Serikali, yaani shilingi 242. Hayo mawili tu yamekula zaidi ya ujira wa siku nzima, na bado NSSF. Akienda dukani kununua kipande cha sabuni, atatoa kodi ya 16 kwa mia.

Je, kibarua huyu alisamehewa miaka mingapi? Hata siku moja hakusamehewa. Mwezi wa kwanza alikatwa. Mgeni amekaa miaka kumi hajashika jembe, na mwenyeji hajaliweka chini tangu azaliwe.

NILIYOYAONA MIMI MWENYEWE

Mimi ni mshonaji. Kwa miaka minane nilishona katika kiwanda kimoja cha nguo za kupelekwa ng'ambo. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sitaki kesi, na kwa kuwa wengi wenu mkisoma mtadhani nasema juu ya kiwanda chenu.

Miaka hiyo minane, kwa karatasi za ofisi, sikuwa na miaka minane. Nilikuwa na miezi mitatu. Kila miezi mitatu ilipokwisha nilirudishwa nyumbani juma mbili, kisha nikaitwa tena kama mgeni, nikapewa kadi mpya na namba mpya. Nyapara aliyenifundisha kazi mwaka wa kwanza ndiye aliyeniandika "mwanafunzi" mwaka wa saba. Tulipoanza kukusanya majina ya kujiunga na Chama, wenzetu sita hawakuitwa tena baada ya juma zao mbili. Hawakufukuzwa, la! Hawakuitwa tu.

Kisha Jumatatu moja tulifika alfajiri tukakuta mlango umefungwa kwa mnyororo. Askari wa mlangoni, kijana ambaye tulikuwa tukimnunulia chai, aliinamisha kichwa. Akasema, "Mama, rudini nyumbani. Cherehani zilichukuliwa usiku wa Jumamosi." Mshahara wa mwezi ule tuliudai wapi? Mgeni alikwisha panda ndege. Ofisini tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika. Mpaka leo naweka nakala yake ndani ya Biblia yangu, na jibu sijapata.

Jambo hili laniuma, lakini silisemi ili mnihurumie. Nalisema kwa kuwa siku mgeni yule alipokuja alipigiwa makofi. Siku alipoondoka, sisi tu ndio tuliokuwa pale mlangoni.

"MTAWAFUKUZA WAWEKEZAJI"

Kila tunapodai haki hujibiwa kwa maneno haya: Nyamazeni, mtawafukuza wawekezaji, watahamia kwa jirani ambako mshahara ni mdogo kuliko wenu.

Basi na tumtazame huyo jirani. Ethiopia ilifungua viwanja vikubwa vya viwanda kule Hawassa mwaka 2016. Mshahara ulikuwa mdogo sana kuliko wetu, na hapakuwa na kima cha chini kwa wafanya kazi wa makampuni. Kama unyonge ungemfunga mgeni asiondoke, mgeni angekaa Hawassa milele. Lakini vita vilipotokea, kampuni kubwa ya nguo ya Marekani ilifunga kiwanda chake pale Novemba 2021, na kuanzia Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia katika sheria ya AGOA. Unyonge wa wale dada haukuwasaidia hata siku moja.

Hata hapa kwetu tumeonja. Mwanzoni mwa mwaka 2005 ulikwisha ule mpango wa dunia uliogawa nguo kwa mafungu baina ya nchi, na viwanda kadhaa vya Kenya vikafungwa. Je, udogo wa mishahara yetu ulivizuia visifungwe? Haukuvizuia. AGOA yenyewe, iliyoanza mwaka 2000, muda wake ulikwisha Septemba 2025, na washonaji wa Athi River wakabaki kungoja wazee wa Washington waamue kama wataendelea kula. Mgeni huja kwa hesabu zake na huondoka kwa hesabu zake. Anayetuambia kwamba tukikubali kula kidogo mgeni atakaa, huyo anatudanganya, au amedanganywa.

TULIKATAA KUSHANGILIA

Habari hii si mpya. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu siku hiyo umekuwa ukijengwa na mmoja na kusifiwa na mwingine. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya Mfalme wa Uingereza kuwa jiji kamili. Duke wa Gloucester aliileta kwa mkono wake. Bendera zikatundikwa, wakubwa wakala karamu, dunia ikaambiwa kwamba hapa pana mji wa kuwekea fedha.

Chama cha wafanya kazi cha wakati ule, East African Trades Union Congress, kikiongozwa na Makhan Singh na Fred Kubai, kiliwaambia wafanya kazi wasiende kushangilia. Mji unaokua kwa watu wachache, na wajenzi wake wanalala wamebanana vyumbani, si mji wao. Mwezi wa Mei viongozi hao wawili walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma kwa siku nyingi. Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka mwaka 1961.

Bendera zile zimekwisha kuoza. Vyumba bado viko. Mwishoni mwa mwaka 2021, wakati nguzo za Expressway zilipokuwa zikimalizwa, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Wengi wa watu wale ndio wanaokwenda kwa miguu kila alfajiri kufungua viwanda vya Industrial Area. Mji umeongeza barabara ya juu, na mtu wa chini amepoteza paa.

TWATAKA NINI?

Hatutaki mgeni afukuzwe. Twataka apewe jembe. Wakubwa wanapofunga mizigo tena kwenda ng'ambo, na waweke na haya ndani ya mkoba:

(1) Mgeni yeyote atakayesamehewa kodi, asisamehewe sheria za kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Haikusema isipokuwa ndani ya ua wa EPZ.

(2) Sheria ya 2007 yasema chama chenye zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama lazima kitambuliwe na tajiri. Kiwanda kinachokataa kutambua chama, msamaha wake wa kodi ukome siku hiyo.

(3) Kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja, Sheria ya Kazi ya 2007 yamhesabu mtu wa mshahara wa mwezi. Mchezo wa miezi mitatu na juma mbili ukaguliwe, na mwenye kuucheza ashitakiwe.

(4) Kabla mgeni hajafungua mlango, aweke benki fedha za kutosha kulipa mishahara ya miezi mitatu ya watu wake. Akipanda ndege usiku, fedha zibaki.

(5) Masharti ya kila msamaha yaandikwe wazi, yasomwe na kila mtu: nani kasamehewa, kiasi gani, na kaajiri watu wangapi.

Ndugu zangu, haya hayataletwa na barua moja iliyowekwa ndani ya Biblia. Wenzangu sita walipoachwa bila kuitwa, sisi tuliobaki tulikuwa zaidi ya mia nne, tukanyamaza kila mtu akilinda cherehani yake. Hatimaye cherehani zote zilichukuliwa usiku mmoja, ya mwenye kusema na ya mwenye kunyamaza. Hilo ndilo kosa letu, nami nalikiri mbele yenu.

Basi usikae. Kama hujajiunga, mwone katibu wa tawi lako juma hili. Kama umejiunga, mwulize mwenzako wa upande wa kulia na wa kushoto. Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe, mpe mwingine asome.

Mgeni njoo. Jembe liko tayari.

Ni mimi ndugu yenu,
MSHONAJI, Tawi la Nairobi