Mgonjwa Aulizwe Amekunywa Maji Gani

Maumivu ya kiuno yashukayo hadi miguuni si jambo geni kwa watu wazima. Wengi huyahesabu kuwa ni matunda ya umri au ya kazi nzito, na mara nyingi hesabu hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, katika Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru ipo sababu nyingine ambayo ni vigumu kuishuku, kwani haionekani kwa macho wala haitambuliwi kwa ulimi. Nayo ni floridi iliyomo katika maji.

Miamba ya Meru ni ya volkeno, na maji yanayopenya humo huyeyusha floridi. Penye kalisi ya kutosha, kalisi huishika floridi na kuituliza chini. Lakini maji mengi ya huko yana kalisi haba, hivyo floridi hubaki imeyeyuka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Chemchemi na mito kadhaa ya Meru huzidi kiwango hicho mara nyingi. Mwaka 1974, viwango vya muda vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 8, maana palikuwa na vijiji visivyo na chanzo kingine. Kikomo hicho kilishushwa baadaye. Lakini watu waliokua kwa maji ya miaka ile wangali hai, na mifupa yao haijasahau.

Karibu floridi yote inayobaki mwilini huwekwa katika mifupa na meno. Ikizidi kwa miaka mingi, mfupa huwa mzito pasipo kuwa imara. Kano zinazofunga viungo huanza kugeuka mfupa, pingili za mgongo hukakamaa, na tundu la uti wa mgongo huweza kupungua hata mishipa ya fahamu ikabanwa. Ndipo kiuno hukataa kuinama, na miguu huuma au hulegea.

Na achukuliwe, mathalani, mtu wa makamo anayeishi Kaloleni, katikati ya jiji la Arusha. Akienda kutibiwa, huulizwa anakaa wapi na anafanya kazi gani. Jibu la “Kaloleni” halimwelezi mganga lolote, ikiwa mtu huyo alilelewa Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu na kuhamia mjini akiwa na miaka thelathini. Maji anayokunywa leo si yale yaliyoijenga mifupa yake. Kwa hiyo swali linalofaa ni hili: umekunywa maji gani, wapi, na kwa miaka mingapi?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1932, huko Copenhagen, Møller na Gudjonsson walipowapiga picha za eksirei wafanyakazi wa kiwanda cha kriolaiti, madini yenye florini, walikuta mifupa iliyokuwa mizito isivyo kawaida. Mwaka 1937, Shortt na wenzake walieleza hali kama hiyo miongoni mwa wanavijiji wa India ya Kusini, ambao hawakuwa na kiwanda chochote. Walikuwa na visima tu.

Wapo watakaosema kuwa swali hili litawafanya watu wayalaumu maji kwa kila uchungu. Hofu hiyo ina msingi. Kiuno huuma pia kwa diski iliyochomoka, kwa kifua kikuu cha mifupa, na kwa brusela itokanayo na maziwa mabichi. Hata meno ya kahawia si ushahidi wa kutosha: huonyesha tu kwamba floridi ilizidi utotoni, meno yalipokuwa yakiumbika. Aliyehamia Meru akiwa mtu mzima huweza kuwa na meno meupe na mifupa iliyoathirika. Ndiyo sababu swali lazima lifuatwe na eksirei na vipimo vya mkojo na vya maji. Kuuliza si kuhukumu.

Jambo hili lisicheleweshwe, kwa kuwa mfupa ukisha kuharibika hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Mtoto ndiye wa kuokolewa kwanza, kabla miguu yake haijapinda. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, huweza kuinasa, ila lazima ubadilishwe unapochoka.

Shule za sekondari zina nafasi yake hapa. Wanafunzi waweza kuchora ramani ya visima, mabomba na chemchemi za kata yao, wakaandika kila familia imetumia chanzo kipi na tangu lini, kisha sampuli zikapelekwa maabara. Orodha hiyo ikiwekwa katika zahanati, mganga atakuwa na la kuanzia, na mgonjwa hataambiwa tena kwamba ni uzee tu kabla hajaulizwa juu ya maji.