Fadhila Inayodai Malipo

Wahenga walisema kwamba cheo ni koti la kuazima: aliyelivaa leo atalivua kesho. Lakini mtu akilivaa miaka hamsini, je, atakumbuka bado kwamba si lake? Sikilizeni habari za Michael Madigan, mtu wa jimbo la Illinois katika nchi ya Marekani.

Kila jimbo la Marekani lina baraza lake la kutunga sheria, kama majimbo yetu ya Kongo yalivyo na mabaraza yao. Baraza la Wawakilishi la Illinois hukutana mjini Springfield. Lina watu 118, nao huchaguliwa na raia kila miaka miwili. Madigan alizaliwa Chicago mwaka 1942. Alisoma katika shule ya Mapadri Wayezuiti, kisha katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, akajifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Loyola. Zote tatu ni shule za kikatoliki.

Mwaka 1969 alifanywa mkubwa wa chama chake katika kata ya 13 ya Chicago, na mwezi wa Januari 1971 aliingia barazani. Katika kata hiyo watu wa chama walipita nyumba kwa nyumba. Mzee aliyetaka mti ukatwe mbele ya nyumba yake, au taa ya njia itengenezwe, alijua ni mlango gani wa kubisha. Ni jambo jema kumsaidia jirani. Lakini siku ya uchaguzi ilipokaribia, wale wale waliosaidia walirudi kuomba kura, na aliyesaidiwa aliona haya kukataa.

Mwaka 1983 Madigan akawa Spika, yaani mkubwa wa baraza. Spika ndiye aliyeamua kwa sehemu kubwa ni shauri gani lisikilizwe na lipi life kabla ya kujadiliwa. Alikaa katika kiti hicho mpaka Januari 2021, isipokuwa miaka miwili, 1995 mpaka 1997, chama kingine kilipopata watu wengi zaidi. Katika historia ya Marekani hakuna mwingine aliyeongoza baraza la sheria muda mrefu kama yeye. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Magavana walikuja wakaenda, yeye alibaki.

Ndipo fadhila zikageuka biashara. Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya Commonwealth Edison ilikiri kwamba, tangu mwaka 2011 mpaka 2019, iliwapa rafiki za Spika kazi na mikataba ili apendezwe nayo, kwa maana sheria za umeme zilipita mikononi mwa baraza lake. Wengine walilipwa kila mwezi, nao hawakufanya kazi yoyote, au kidogo tu. Kampuni ililipa dola milioni 200. Mwaka uliofuata Madigan aliacha baraza. Tarehe 12 Februari 2025 wazee wa baraza la mahakama walimwona na hatia katika mashtaka 10 kati ya 23, ya rushwa na mengine. Katika mashtaka 7 waliona hana hatia, na katika 6 hawakupatana. Mwezi wa Juni jaji alimhukumu kifungo cha miaka saba na nusu na faini ya dola milioni 2.5. Yeye alikana siku zote kwamba aliuza cheo chake. Oktoba 2025 aliingia gerezani, mzee wa miaka 83.

Tuangalie vema jambo hili. Fedha ile ya umeme haikuingia katika mfuko wake. Ilikwenda kwa rafiki zake. Wengi wetu tungesema, »Basi, kosa liko wapi? Amewasaidia watu wake tu.« Hapo ndipo mtego ulipo. Mshahara wa mtu asiyefanya kazi hulipwa na mwingine: na mama mjane anayenunua umeme, na kijana mwenye akili ambaye nafasi yake imepewa mtu wa ukoo. Anayegawa mali isiyo yake hajafanya ukarimu, hata akigawa kwa moyo mweupe.

Nasi pia, tusimtazame mbunge peke yake. Baba anayempelekea mwalimu mbuzi ili mtoto afaulu, karani anayeficha karatasi mpaka aone kitu mkononi, mwanafunzi anayetaka asifiwe kwa kumwazima mwenzake kitabu: wote wameanza kuandika madeni katika daftari lile lile. Haba na haba hujaza kibaba.

Yezu Kristu aliwaosha mitume miguu, wala hakuwadai kitu usiku ule. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kutenda wema, kisha kuusahau. Nanyi wanafunzi, shule ya kikatoliki itawapa elimu. Lakini moyo safi hauandikwi katika cheti. Mwombeni Mungu awape huo kila siku.