Degedege, sehemu ya 3: sindano inasingiziwa

Nimesoma maoni yenu chini ya sehemu ya pili, na leo sibembelezi mtu. Kuna neno bado linatembea hapa Jang'ombe, na si hapa tu, pwani nzima mpaka Bagamoyo: mtoto aliyeshikwa na degedege asichomwe sindano, akichomwa anakufa. Neno hilo ndilo linaloua.

Nikwambie linakotoka. Mtoto anashikwa saa mbili za usiku. Anaitwa bibi, anaitwa jirani, anafukizwa, anapakwa mkojo, linatafutwa kombe. Spitali anafika saa kumi alfajiri, keshashikwa mara tatu nne na hazinduki. Anachomwa sindano, anafariki. Watu wanatoka na habari moja: sindano. Zile saa nane za nyumbani hakuna anayezihesabu.

Na yule mwengine aliyefukizwa akaamka akaomba uji? Huyo angeamka hata mungekaa mukimtizama tu. Degedege la homa, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, mara nyingi hukatika lenyewe kabla ya dakika 5. Moshi unapewa sifa isiyo yake.

Malaria Unguja imepungua sana, alhamdulillahi. Lakini homa ya uti wa mgongo ipo, na kushuka sukari kupo. Ndio maana tunamtoboa kidole mapema kupima sukari. Ikishuka, ubongo unakaa na njaa, na hakuna fukizo linalotia sukari kwenye damu. Dawa ya kukata degedege ni diazepamu, na tena wadogo huweza kutiwa kwa nyuma, bila ya sindano yoyote. Sasa mtasema nini?

Akishikwa mlaze ubavu. Kijiko toa! Ulimi haumezwi, utamvunja meno bure. Usimtie kitu mdomoni, hata kombe, hawezi kumeza, kitaingia mapafuni. Someni dua, nani kakukatazeni? Lakini mmoja aangalie saa na mwengine atafute gari. Ukiweza chukua vidio, inamsaidia dokta kuliko watu watano wanaogombania kuhadithia. Dakika 5 zikipita, mkimbizeni. Likikatika kabla, na ndio mara yake ya mwanzo, mleteni vile vile, siku ile ile.

Na hili ni la wauguzi wenzangu pia. Mtoto kashikwa mara moja akiwa na homa, musimwite wa kifafa. Kifafa ni kushikwa na kurudia kushikwa bila ya homa wala sababu nyengine ya papo hapo. Jina hilo likitoka wodini linafika mtaani kabla ya mama yake, mtoto anafichwa, skuli hapelekwi, kikombe chake kinatengwa. Na hata akiwa nacho kweli, hakiambukizi, si kwa povu si kwa mate. Kule Mahenge, bara, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa zaidi ya miaka 60 iliyopita, watu waliokuwa wametengwa na jamaa zao, na wengi walipata nafuu kwa vidonge vya fenobabitali. Sisi bado tunatenga vikombe.

Najua anayeamua mara nyingi si mama. Mama keshajifunga kanga mlangoni, anaambiwa subiri mumeo arudi, subiri bibi aseme. Basi msomeeni bibi posti hii, kwa heshima zake zote, leo, mtoto akiwa mzima anacheza. Sehemu ya 4 inshallah ni ya dawa, na kwa nini musimkatishe akishapata nafuu.