Omba Koleo, Usiombe Garimoshi

Shule zifungapo kwa likizo ya mwisho wa mwaka, mabasi yatokayo Nairobi huja Rongo, Migori na Homa Bay yamejaa watu na mizigo. Jamaa waliokuwa mbali hurudi nyumbani kwa Krismasi, na mtu hapendi kurudi mikono mitupu. Kati ya nguo, sukari na mikate hakikosekani kitu cha kuchezea kwa ajili ya watoto, na mara nyingi kitu hicho ni gari au garimoshi la plastiki lenye betri. Huwekwa sakafuni, likazunguka juu ya reli yake ya duara, watoto wakapiga makofi. Baada ya siku chache betri huisha, gurudumu hutoka, na kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Januari garimoshi lile limelala chini ya kitanda. Halitengenezeki, kwa kuwa halikuundwa ili litengenezwe.

Msomaji, nakusudia kuishindania hoja moja katika insha hii: kwamba zawadi bora ya sikukuu si ile iliyokamilika, bali ile inayomwachia mpokeaji kazi ya kufanya. Sishindani na mtoaji. Mama aliyeuza omena kutwa nzima sokoni, akaweka akiba, akanunua zawadi, anastahili shukrani, na mtoto atakayemkunjia uso hana adabu. Nashindana na fikira iliyoenea kati yetu kwamba kitu kilichotoka dukani ni zawadi, na kitu kilichotoka mikononi mwa mtoto ni takataka.

Tazama mambo yalivyo. Katika vijiji vya Migori na Homa Bay mtoto wa miaka tisa hupinda waya akapata mwili wa gari, akakata kandambili kuukuu akapata magurudumu, akafunga ufito mrefu wenye usukani, akaliendesha gari lake njiani akiwa wima. Mwingine hutumia mabua ya mahindi. Mwingine hukata kopo la mafuta ya kupikia akapata tela la lori la kubebea miwa, kama yale ayaonayo yakielekea kiwandani Awendo. Hakuna aliyemfundisha. Amejua mwenyewe kwamba gurudumu lisilo duara kamili huruka, kwamba ekseli iliyokazwa mno haizunguki, na kwamba gari refu lataka nafasi kubwa ya kupinda kona. Haya ni masomo ya uhandisi, naye ameyapata bila ada.

Kisha mtoto huyo huingia shule ya sekondari, na siku hiyo hiyo hutupa waya wake. Ameambiwa kwamba mambo yale ni ya watoto na ya maskini. Sasa hufundishwa mvuto, msuguano na uwiano ubaoni, huyakariri kama maneno ya lugha ngeni, wala hakumbuki kwamba aliwahi kuyashika kwa mikono. Hasara iliyoje! Tumechukua fundi mdogo tukamfanya karani wa madaftari, kisha twalalamika kwamba nchi haina mafundi.

Nawe usidhani kwamba kila mahali watu wazima huona haya kucheza na vitu vidogo. Katika Uingereza, Ujerumani na Marekani wako wanaume na wanawake wenye mvi ambao kazi yao ya jioni ni kuunda magarimoshi ya mfano, pamoja na steshini, madaraja, miti na vilima vyake. Sikukuu ikaribiapo, watu hawa huandika orodha ya maombi kama watoto. Lakini soma maombi yao: huyu ataka tupa nyembamba, yule ataka vipande vya reli, wa tatu ataka rangi, magurudumu, au mbao za kuundia kibanda cha ishara. Aliye hodari katika mchezo huu hufurahia kipande kuliko kitu kizima, kwa sababu kipande humwongezea kazi.

Waundaji wa zamani waliyajua haya. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipopeleka magarimoshi yake katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, ilikuwa imeviweka vipimo vya reli kwa utaratibu, hata behewa la mwaka huu likaweza kupita juu ya reli ya mwaka jana. Zawadi haikuwa kitu cha siku moja. Ilikuwa sehemu ya kazi iliyoendelea mwaka hata mwaka. Frank Hornby wa Liverpool hakuwa mhandisi bali karani katika biashara ya nyama. Aliwakatia wanawe vipande vya madini vyenye matundu na kuviunga kwa skrubu, na mwaka 1901 akapata hataza ya uvumbuzi wake, uliokuja kujulikana kwa jina la Meccano. Kumbuka kwamba alianza na vipande vitupu, na magarimoshi yenye jina lake yalikuja baadaye, mwaka 1920.

Labda utasema, “Hayo ni anasa za matajiri, yana faida gani?” Nitakujibu kwa mfano mmoja. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha chama cha kuunda magarimoshi ya mfano. Wengine walipaka rangi mabehewa, na wengine walijificha chini ya meza wakiunga nyaya na swichi za mitambo ya simu ili kuongoza treni nyingi kwa pamoja bila kugongana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 chuo kilipopata kompyuta ambayo wanafunzi waliruhusiwa kuishika, wale wa chini ya meza ndio waliokuwa tayari. Kati yao walitoka waandishi wa programu wa mwanzo, akiwemo Steve Russell, aliyeongoza utungaji wa Spacewar, mmojawapo wa michezo ya kwanza ya kompyuta, mwaka 1962. Garimoshi la kuchezea liliwafundisha namna ya kufikiri. Lakini lingekuwa limetoka dukani likiwa kamili, lisingewafundisha neno.

Mpinzani wangu wa pili atasema, “Sisi watu wa ziwani tuna nini na magarimoshi? Reli haijafika kwetu.” Ni kweli, haijafika. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, siku chache kabla ya Krismasi, na tawi lililoongezwa baadaye lilielekea Butere. Upande wetu wa kusini ya ghuba haukupata hata taruma moja. Tulichopata ni meli: vyombo vya shirika la reli vilivyopita ziwani na kutia nanga katika gati za Kendu Bay na Homa Bay, vikichukua abiria na mizigo kupeleka kwenye treni ya Kisumu.

Lakini meli hizo zilifikaje ziwani, nawe wajua kwamba hakuna mto wa kuzipitisha kutoka baharini? Zilikuja zikiwa vipande. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikavunjwa, vipande vyake vikaletwa Mombasa, vikasafirishwa barani mpaka Kisumu, vikaungwa, na mwaka 1900 ikashushwa majini, mwaka mmoja kabla ya reli yenyewe kufika. Meli kubwa Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, iliundwa kwa Yarrow huko Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa meli na treni, ikaungwa upya Kisumu. Basi kabla hujaona haya kuunga vipande vidogo mezani, kumbuka kwamba vyombo vilivyowavusha babu zako viliungwa kwa namna hiyo hiyo, na mikono iliyoviunga ilikuwa hapa hapa ziwani.

Wala usikubali kuambiwa kwamba ufundi si wetu. Nenda Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori. Kuta zile za mawe, ambazo pengine zapita kimo cha watu wawili, zimesimama kwa karne nyingi bila chokaa wala saruji, na mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Waliozijenga waliletewa mawe tu. Akili ya kuyapanga ilikuwa yao.

Mpinzani wa tatu ni mzazi aogopaye mtihani. Yeye asema kijana wa sekondari asome, asicheze. Nami namwomba asikilize hesabu ifuatayo. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliiundia reli ya Afrika Mashariki injini 34 za mvuke, zilizopewa majina ya milima yetu. Mojawapo, Mount Gelai, yaonekana mpaka leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, urefu uliopita mita 30, na magurudumu 28: makubwa 16 ya kusukuma na madogo 12 ya kubeba. Birika lake lilining'inizwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, ili dude lote liweze kupinda kona.

Tuseme wataka kuunda mfano wake kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Basi reli yako itakuwa na upana wa milimita 20. Reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina milimita 1,435. Kwa kipimo hicho hicho utapata milimita 28.7. Injini yako itapita kidogo sentimita 60 kwa urefu. Je, uzito wake? Hapa wengi hukosea. Watagawanya tani 252 kwa 50, wapate tani tano, ambazo hazibebeki na meza yoyote! Waliosahau watakumbuka sasa kwamba urefu hugawanywa mara moja, eneo mara mbili, na ujazo mara tatu. Hamsini mara hamsini mara hamsini ni 125,000. Na tani 252 zikigawanywa kwa hesabu hiyo ni takriban kilo mbili. Kijana aliyeishika injini hiyo mikononi hataisahau kanuni ya ujazo mpaka kufa kwake. Mwambie mzazi wako kwamba huo nao ni usomi.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini mwaka 2019, wamtaka mwanafunzi aunde vitu kwa mikono yake. Shabaha ni njema. Lakini sote twajua yanayotendeka: mwalimu huagiza kitu, mzazi hukimbilia kwa fundi wa mjini, fundi hukiunda, na mwanafunzi hukibeba shuleni na kupewa alama za kazi asiyoifanya. Huo ni wizi wa namna mbili: mwanafunzi amemwibia fundi sifa yake, na amejiibia mwenyewe maarifa. Na mzizi wake ni ule ule wa garimoshi la plastiki, yaani kupenda kitu kilichokwisha na kuogopa kazi.

Basi mwaka huu, baba mdogo au shangazi akupigiapo simu kutoka mjini na kukuuliza akuletee nini, usijibu kwa haraka. Mshukuru kwanza, kisha mwombe koleo la kupindia waya. Ikiwa ana nafasi zaidi, mwombe mkasi wa kukatia bati, tupa ndogo, rula ya chuma, na risasi ya kulehemia. Vitu hivi vyaingia katika mfuko mmoja, wala havihitaji betri. Waya, makopo, vifuniko vya soda na kandambili kuukuu utavipata mwenyewe. Usikate waya wa ua wa jirani, wala usiguse kamwe nyaya za umeme; mchezo uliojengwa juu ya wizi au mauti si mchezo. Bati lina makali: vaa glavu nzito, na ukingo ulioukata uupige tupa kabla ndugu yako mdogo hajaushika.

Ukipata nafasi ya kufika Kisumu, nenda ukaitazame reli mahali ilipokomea karibu na maji. Chukua daftari na penseli. Pima upana wake kwa hatua na kwa macho, uchore taruma, misumari na kiungo cha reli kwa reli. Kisha rudi nyumbani uiendeleze pale wajenzi wa mwaka 1901 walipoiachia: ipitishe Kendu Bay, ifikishe Homa Bay, ipandishe Rongo, ipite Awendo kwenye miwa, iteremke Migori hata mpakani Isebania. Meza moja na likizo moja zatosha kuianza. Mwaka ujao utaomba kipande kingine, na mwaka wa tatu kingine, na wadogo zako watakuja kukushikia waya wakati wewe ukipinda.

Wakija, usiwafukuze. Wape koleo walishike.