Pambo Si Jina la Kutosha

Twapinga desturi iliyoingia katika vitabu vya kusomea na katika vibandiko vya makumbusho: kila kilichovaliwa na wahenga huandikwa "pambo la kienyeji", basi. Maneno hayo hayakielezi kitu, yanakifunika.

Tuutazame mpande, kile kisahani cheupe kilichokatwa katika kitako cha kombe la Bahari ya Hindi. Mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa Shinte, mkuu wa Walunda. Shinte alimvika kombe la namna hiyo shingoni, kuwa ithibati kuu ya urafiki. Livingstone akaandika kwamba mawili yake yalitosha kununua mtumwa. Je, kitu kilichobeba urafiki wa mkuu na bei ya binadamu ni pambo tu?

Kosa la pili ni kubahatisha kwa umbo. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika Katanga, makaburi yaliyofukuliwa mwaka 1957 na 1958 yalitoa vipande vidogo vya shaba nyekundu vyenye umbo la msalaba. Mwenye pupa angesema ni vidani vya Wakristo. Kumbe makaburi hayo ni ya karne nyingi kabla ya wamisionari kufika Katanga mwaka 1886. Tena vingi vililazwa penye mikono au viuno vya maiti, nao wataalamu huvihesabu kuwa fedha. Mahali kilipolala kitu ndipo palipotoa maana yake. Afukuaye ili akauze huiharibu maana hiyo milele.

Watuambia wengine kwamba wanafunzi wasilemezwe kwa majina mengi. Hatukubali. Kiswahili kina furungu la mguuni, kipini cha puani, jasi la sikioni, na hirizi, ambayo heshima yake imo katika maandishi yaliyofichwa ndani, wala si katika fedha iliyoyafunika. Mwanafunzi anayeyaita yote "mapambo" amenyimwa msamiati na historia kwa pamoja.

Kwa hiyo twadai kila picha darasani iandikwe mambo manne: jina la kitu katika lugha ya wenyewe, mahali kilipovaliwa mwilini, nani aliyeruhusiwa kukivaa, na kilikopatikana. Lisilojulikana liachwe wazi. Nafasi tupu humfanya mwanafunzi aulize. Jina la uongo humnyamazisha.