Gari lisishuke, fundi apande

Nimerudi chuo tangu Jumapili na tangu nimerudi nachekwa. Kosa langu nililowasimulia washkaji wa rumu ni kwamba likizo mimi na ba'mdogo tulibadilisha breki za nyuma za pikapu uani kwetu, Shighatini. Basi imekuwa wimbo. Wapare bwana, ubahili mpaka kwenye breki! Mmoja, anasoma uhandisi na sitamtaja, akasema kabisa tumecheza na roho za watu, breki ni kazi ya gereji. Sasa badala ya kubishana kila usiku taa zikizimwa nimeona niandike hapa ninachoamini, atakayebisha abishe.

Kwanza mpate picha. Shighatini iko juu, milima ya Upare upande wa Mwanga. Gereji yenye vifaa na duka la spea viko chini, Mwanga mjini. Katikati ni mteremko, kona juu ya kona, na pembeni ni korongo. Pikapu ya ba'mdogo ni Hilux ya zamani, siku za soko inashuka na mikungu ya ndizi, na watu juu ya ndizi (hilo nalo nitaliandikia siku yake).

Wiki ya pili ya likizo ba'mdogo akasema hendibreki inapanda mpaka juu kabisa ndipo ishike, na nyuma kulia kunakwaruza kama mtu anakuna nazi. Bibi akasema gari lipelekwe Mwanga kesho asubuhi. Wote wakaitikia, maana ndiyo kawaida, gari bovu linapelekwa gereji. Mimi nikauliza swali moja tu: litashukaje? Ugonjwa wake ni breki na njia ya kwenda hospitali ni mteremko mtupu. Mgonjwa wa miguu unamwambia atembee mwenyewe mpaka kwa daktari?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kwa sisi wa milimani, gari lenye breki inayotia shaka halishuki. Fundi ndiye apande. Na kama kazi yenyewe ni kubadilisha shuu tu, mwenye gari ajue kuifanya, au angalau ajue kuvua tairi na dramu akaangalia kuna nini.

Nasema shuu kwa sababu nyumbani kila mtu anasema pedi. Pedi ziko mbele, zinabana diski pande mbili. Nyuma, kwenye pikapu nyingi tunazoziona barabarani, kuna dramu, na ndani yake shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, zinatanuka na kusugua dramu kwa ndani. Kuna pikapu mpya zenye diski hata nyuma, ila ya ba'mdogo siyo. Na hii si tofauti ya maneno tu. Pedi mara nyingi unaweza kuichungulia kwenye matundu ya rimu ukaona imebaki kiasi gani. Shuu imefungiwa gizani, ndiyo maana inasahaulika. Wiki ya Nenda kwa Usalama stika inakaa kioo cha mbele, kumbe kule nyuma shuu inakwisha polepole na hakuna anayeiona.

Mhandisi wetu akaja na hoja kwamba kazi kubwa inafanywa na breki za mbele. Ni kweli, na mimi fizikia ndiyo somo nitakalofundisha: ukifunga breki uzito unaegemea mbele. Lakini hebu pakia mikungu mpaka springi zinyooke, halafu uniambie nyuma hakuna kazi. Hilux nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma inayofuata mzigo, mzigo ukiongezeka inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Wangehangaika nayo ya nini kama breki za nyuma ni pambo? Halafu hendibreki inashika nyuma peke yake. Ukisimama mlimani kushusha abiria, unashikiliwa na shuu hizo hizo na jiwe la utingo.

Haya, kazi ilivyokuwa. Bodaboda alituletea shuu seti nzima, maana zinabadilishwa pande zote mbili hata kama upande mmoja ndio unaolia. Nyumbani kwetu tambarare ni ya kutafuta kwa tochi, tukapata kipande nyuma ya zizi. Mawe tairi za mbele, gari kwenye gia, nati zinalegezwa kabla ya kupiga jeki. Gari likishapanda tukaweka gogo nene chini ya chesisi, na tairi tulilovua tukalilaza chini pia. Jeki peke yake msiiamini, wadau, hata kama mko na haraka ya namna gani.

Dramu ikagoma. Ba'mdogo akafuata nyundo. Nikamwonyesha kwamba dramu ile ina matundu mawili yenye uzi, unaingiza bolti mbili na kuzikaza kwa zamu, kidogo huku kidogo huku, inajisukuma yenyewe. Ila hendibreki iwe imeachiwa. Ikatoka. Vumbi jeusi tele. Lile usilipulize kwa mdomo, zamani shuu nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo inaleta saratani, na kwenye gari la zamani huwezi kujua kuna nini. Tulilimwagia maji ya sabuni kwanza ndipo tukafuta. Shuu ya kulia ilikuwa imebaki chini ya milimita 1, na hiyo 1 ndiyo mwisho ambao Toyota wanautoa.

Springi zile zinachosha, sitadanganya. Ukiachia moja inaruka mpaka kwenye migomba. Siri ni kuvua upande mmoja kwa wakati, ule mwingine uuache mzima uwe kitabu chako. Picha za simu zinasaidia, ila upande wa pili unasaidia zaidi, mradi ukumbuke kwamba umegeuka kama kwenye kioo. Kuanzia asubuhi hadi makande yanaiva, upande wa kulia tayari. Ba'mdogo akaanza kunipigia saluti.

Tukavua kushoto. Shuu zimelowa. Ni oili ya difu, ilikuwa imepita kwenye sili ya ekseli ikaingia kwenye dramu. Upande ule haukuwa unalia kwa sababu ulikuwa unateleza! Na hapa ndipo ninapotaka mhandisi anisome vizuri. Ba'mdogo akasema tuoshe kwa petroli, tufunge shuu mpya, keshokutwa ni soko na mikungu imeshakatwa. Sili ile kuibadilisha ni mpaka kuvuta ekseli, sisi hatuna vifaa wala uzoefu. Nikakataa. Tukabishana kwa sauti mpaka majirani wakatoka, na kubishana na baba yako mdogo mbele ya majirani si jambo dogo kwetu. Sikufurahi. Bibi ndiye aliyeamua, akasema gari litalala kwenye gogo.

Fundi alipanda kesho yake jioni kwa bodaboda, mkoba wa vifaa mgongoni na sili mfukoni. Akamaliza siku iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya soko. Soko likapita. Nauli ya fundi, ujira wake, ndizi zilizouzwa pale kijijini kwa bei ya kutupa na zilizobaki tukazila wiki nzima mpaka nikachukia ndizi. Na mimi nilichangia hela niliyobana kwenye bumu. Sasa anayesema huo ni ubahili anipigie hesabu. Ubahili ungekuwa kushuka nalo.

Fundi akaangalia pia mafuta ya breki, meusi kama chai ya rangi, akayatoa yote na kutoa upepo. Mafuta hayo yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie mpaka nyuzi 205 ndipo ichemke, ikishanyonya maji kiwango ni 140. Sasa mtu anashuka mlima mguu haujatoka kwenye breki, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, pedeli inazama kama kwenye uji. Ndiyo maana madereva wa zamani wanasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Neno nisilolipenda kabisa ni lile la "gari lilifeli breki". Utadhani breki iliamka asubuhi ikaamua. Tarehe 24 Juni 2002, kabla sijazaliwa, treni ya abiria ilishindwa kushika breki ikarudi nyuma kwenye mteremko karibu na Igandu, Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Sisemi treni na pikapu ni kitu kimoja. Nasema kwamba neno "ilifeli" linafunga mazungumzo kabla hatujauliza mara ya mwisho nani alivua akaangalia. Ile ya kwetu ilishatoa taarifa mara mbili, hendibreki na mkwaruzo, na bado wote pale uani, waliosoma na wasiosoma, walikuwa tayari kuiteremsha asubuhi.

Kabla ya kuondoka tulikanyaga pedeli mara nyingi mpaka ikawa ngumu, gari likiwa limesimama. Halafu fundi akalijaribu pale pale tambarare kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu mteremko mfupi wa shuleni, halafu ndipo ba'mdogo akalichukua. Alikuwa bado amenuna. Juzi amepiga simu kuniuliza kama naweza kuja Pasaka, jirani naye gari lake linakwaruza.

Shuu moja kuukuu ninayo hapa juu ya kabati. Washkaji wanasema niitupe. Nitaingia nayo darasani BTP ijayo kwenye mada ya msuguano. Ngoja nilale, kesho nina tesiti saa mbili.