ALAMA YA KIDOLE ITAKWENDA WAPI?

Mtu aombwapo kuchovya kidole chake katika wino, au kukiweka juu ya kioo cha mashine, mara nyingi huuliza neno moja tu: "Nitapata nini?" Ni nadra kuuliza alama ile itakwenda wapi baada ya siku hiyo. Walakini swali hilo la pili ndilo lililowasumbua watu wa Kenya kwa muda wa miaka zaidi ya mia.

Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande chenye jina lake, alama za vidole, jina la bwana aliyemwandika kazi, na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Ilisemwa ya kwamba ni karatasi ya kumtambulisha mtu, kumbe ilikuwa pia kamba ya kumfunga: aliyeacha kazi bila bwana wake kutia sahihi aliweza kusakwa na kushitakiwa. Mwaka 1947 ikaletwa sheria nyingine, iliyowahusu watu wa rangi zote.

Kisa cha Garissa ni cha karibu zaidi, tena ni cha kusikitisha. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Somalia. Katika miaka ya ukame, Wakenya wengi wa upande ule, walio Wasomali kwa kabila, walijiandikisha humo pamoja na watoto wao ili wapate posho na dawa. Yafaa ifahamike kwamba hawakukusudia kuukana uraia wao. Walikuwa na njaa. Lakini watoto wale walipofikia miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho, alama zao zilionekana katika daftari la wakimbizi, nao wakaambiwa kwamba si Wakenya. Mtu asiye na kitambulisho hupata taabu kuandikisha simu, kufungua akaunti ya benki, kuandikwa kazi, hata kuingia katika baadhi ya majengo ya Serikali. Posho iliyoliwa utotoni ikageuka kuwa deni lisilolipika.

Serikali ilipoanza kuwaandikisha watu kwa Huduma Namba mwezi wa Aprili 2019, mambo hayo hayakuwa yamesahauliwa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 iliruhusu kuchukuliwa hata chembe za urithi wa mtu, na vipimo vya kuonyesha mahali hasa nyumba yake ilipo. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani walikuwa Wanubi, nao walikuwa na sababu yao: kwa miaka mingi vijana wao waliitwa mbele ya kamati ili wathibitishe uraia, wakadaiwa hati za wazazi na za babu zao. Waliogopa kwamba, nambari moja ikiwa ufunguo wa milango yote, asiyekuwa nayo atafungiwa nje ya yote. Hawakuwa watu wa kuchukia maendeleo, ingawa wengine waliwasingizia hivyo.

Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukuliwa kwa chembe za urithi na vipimo vya nyumba, ikasema kazi iliyobaki iendelee kwa sharti kwamba kanuni kamili ziwekwe kwanza. Mwezi wa Oktoba 2021 ikabatilisha ugawaji wa kadi, kwa kuwa Serikali haikupima kwanza madhara yawezayo kuwapata wenye habari hizo. Mwaka 2023 ikaletwa Maisha Namba, nayo pia ikafikishwa mahakamani.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema ya kwamba habari za mtu zikichukuliwa kwa shughuli fulani, zisitumiwe kwa shughuli nyingine isiyopatana nayo. Kadhalika yampa kila mtu haki ya kuziona habari zake, na kudai zisahihishwe zikiwa na kosa; akinyimwa, aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, bila ya kuwa na wakili. Na afisa anayemwandikisha mtu hapaswi kungoja kuulizwa: sheria yamtaka aeleze, kabla ya kidole kuwekwa juu ya kioo, alama ile ni ya kazi gani na nani mwingine ataiona.